Kuusomea Mtihani wa Benki ya Damu Bila Shule

Mgonjwa aliongezewa chupa mbili za damu siku kumi zilizopita, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Leo amerudi. Macho yamekuwa ya manjano, hemoglobini imeshuka karibu na ilipokuwa kabla ya kuongezewa, na hakuna mahali anapovuja damu. Uchunguzi wa kingamwili uliofanywa kabla hajapewa zile chupa haukuonyesha kitu. Ufanye nini kwanza?

Hivyo ndivyo mtihani wa SBB unavyouliza. Unawekewa majibu manne, na yote ni kazi ambazo maabara ya damu huzifanya kila siku. Hakuna jibu la kijinga la kulitupa upesi. Unaulizwa lipi linatangulia, na aliyemeza kitabu kizima anaweza kubaki hapo akikikodolea macho kioo cha kompyuta.

Kwa asiyeufahamu: SBB ni cheti cha ubingwa wa benki ya damu kinachotolewa Marekani na bodi ya mitihani ya ASCP, chama cha wataalamu wa patholojia wa huko. Maswali ni 100, muda ni saa mbili na nusu, na kompyuta inakupima kadiri unavyojibu: ukipata, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linalegea. Alama zinafika 999 na kufaulu ni kuanzia 400. Kuna wanaoingia baada ya kupita shule maalumu ya benki ya damu. Wengine tunaingia kwa mlango wa pembeni: shahada ya kwanza, cheti cha MLS (mtaalamu wa maabara) au cha BB (benki ya damu), na miaka mitatu ya kazi kwenye benki ya damu yenyewe. Mimi ni wa mlango huo. Nilisomea maabara Dar es Salaam, sasa nafanya zamu za usiku katika hospitali moja Texas, na shule sikuwa na nafasi wala fedha za kuiwaza.

ASCP hutoa takwimu za ufaulu, na waliopita shule huwazidi mbali waliojisomea. Nilizitazama mapema, maana afadhali kuujua ukubwa wa mto kabla ya kuvua viatu. Kilichonisumbua ni sababu yake. Vitabu ni vilevile: kuna buku nene la AABB, chama cha benki za damu, ambalo kila mtu wa fani hii analo au analiazima, kuna kitabu cha viwango, na mazoezi ya maswali yamejaa kila kona. Kwa hiyo mwenye shule hana siri yoyote aliyonyimwa anayejisomea. Anacho kitu kimoja tu, mwalimu anayemkatiza kila anapojibu na kumuuliza, "Kwa nini?" Nikaamua hilo swali nitajiuliza mwenyewe, hata kama nitaonekana kichaa kwenye chumba cha chai saa tisa usiku.

Chukua mambo ya kuhifadhi damu, ambayo kila mwanafunzi huyameza kama jedwali. Seli nyekundu nyuzi 1 hadi 6. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote, kwa kawaida siku 5. Plazma iliyogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, mwaka mmoja. Ukiyameza hivyo yanakaa wiki mbili, kisha yanaanza kubadilishana viti kichwani. Sasa uliza kwa nini. Chembe sahani zikipata baridi, vipokezi vya juu ya ngozi yake vinajikusanya, na zikirudishwa mwilini ini linaziokota na kuziondoa upesi. Kwa hiyo lazima zikae kwenye joto la chumba. Lakini joto la chumba ndilo wanalolipenda bakteria, ndiyo maana siku ni chache na ndiyo maana chembe sahani zinaongoza kwa madhara ya bakteria. Plazma inagandishwa kwa sababu vigandishi namba V na VIII havivumilii kukaa. Seli nyekundu zinahitaji chakula: mfuko wenye CPD, maji yenye sukari na kizuia kuganda, unazilinda siku 21, ukiongeza adenini ukapata CPDA-1 zinafika siku 35, na kwa maji ya nyongeza ya kisasa zinafika 42. Zikipigwa mionzi, utando unachoka na potasiamu inavuja, basi hazivuki siku 28, na kama tarehe yake ya mwanzo iko karibu zaidi, inabaki hiyohiyo. Hapo hakuna tena jedwali la kukariri.

Vimeng'enya tunavyotibia seli kabla ya kuzipima vilinipa shida zaidi, na nadhani vinawapa wengi. Vitabu vinakupa orodha mbili: antijeni (alama za juu ya seli ambazo kingamwili huzishika) zinazoharibiwa na vimeng'enya vya papaini au fisini, na zile zinazopata nguvu. Duffy, M na N zinaondoka, S nayo kwa kawaida. Rh, Kidd, Lewis na P1 zinang'aa. Nilizirudia orodha hizo hadi nikazichukia. Zilitulia siku niliposoma kinachotokea juu ya seli. Papaini, ile ya utomvu wa papai, ni kikata protini. Inafyeka zile protini ndefu zilizosimama nje ya utando, na hizo ndizo zinazobeba M, N na Duffy. Protini hizo zikiondoka zinaondoka na asidi ya siali yenye chaji hasi, ile inayofanya seli zisukumane. Msukumano ukipungua seli zinasogeleana, na antijeni zilizojificha chini karibu na utando, kama Rh, zinafikiwa kwa urahisi. Orodha zote mbili ni tukio moja.

DTT, kemikali nyingine ya kutibia seli, ni hivyohivyo. Inavunja vifungo vya salfa, na protini ya Kell imejaa vifungo hivyo, kwa hiyo Kell inaanguka. Jambo hili lilikuwa la kona ya kitabu mpaka ilipokuja dawa ya daratumumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa wagonjwa wa saratani ya mailoma. Dawa hiyo inashika CD38, na CD38 kidogo ipo pia kwenye seli nyekundu. Matokeo yake, damu ya mgonjwa inagoma, yaani inatoa jibu chanya, kwa kila seli unayoijaribu. Unaondoa CD38 kwa DTT, paneli (seti ya seli za kupimia) inatulia, lakini umeiua na Kell, hivyo huwezi kujua kama mgonjwa ana kingamwili ya K. Ndiyo maana anapewa damu isiyo na K. Swali la aina hii usilikute ukiwa na orodha tu mkononi.

Turudi kwa mgonjwa wetu wa macho ya manjano, nisimwache anasubiri. Siku kumi, kuongezewa damu, uchunguzi wa mwanzo safi: hapo mtu wa benki ya damu anafikiria Kidd kabla ya kumaliza kusoma swali. Kingamwili za Kidd zina tabia mbaya ya kupotea. Mtu alizipata miaka iliyopita, labda kwa ujauzito au damu ya zamani, zikashuka hadi vipimo havizioni. Akiongezewa damu yenye antijeni ile, mwili unakumbuka, zinapanda kwa kasi na kuanza kuzivunja seli za mchangiaji. Unachoanza nacho ni kipimo cha Coombs cha moja kwa moja kwenye damu mpya, kile kinachoonyesha kama seli tayari zimevikwa kingamwili. Kikitoka chanya, unaziondoa hizo kingamwili juu ya seli na kuzitambua. Sampuli ya zamani unairudia pia, lakini haitangulii. Coombs mwenyewe, pamoja na Mourant na Race, walikitangaza kipimo hicho mwaka 1945, na bado sijaona chombo cha bei rahisi kinachosema mengi kuliko kile.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni paneli. Unapewa karatasi yenye seli kumi hadi kumi na tano hivi, kila moja na antijeni zake zimeandikwa kwa alama za jumlisha na sifuri, na pembeni matokeo ya mgonjwa. Kazi ni kuondoa. Seli ambayo haikugoma inakupa ruhusa ya kufuta antijeni ilizonazo, hasa zile zilizo mbili-mbili, yaani zilizorithiwa kwa baba na kwa mama, kwa sababu kingamwili dhaifu inaweza kuipita seli yenye dozi moja bila kuigusa. Ukimaliza kufuta, inabaki moja, au mbili zenye kukuudhi. Kisha unathibitisha: seli tatu zenye antijeni zigome, tatu zisizo nayo zisigome.

Kwa nini tatu na tatu? Niliikuta kanuni hiyo tangu nikiwa chuo, kwenye madesa, na hakuna aliyeieleza. Ukiwa na mirija sita na ukabahatisha ipi mitatu itagoma, kuna njia 20 za kuichagua. Moja tu ndiyo sahihi. Basi uwezekano kwamba mpangilio huo umetokea kwa bahati ni moja kwa ishirini, asilimia 5, ule mstari ambao watu wa takwimu wanauheshimu. Nilipoipiga hesabu hiyo mwenyewe pembeni ya daftari nilicheka kwa sauti. Nililala mchana ule kama mtu aliyelipwa deni.

Nilikuwa nasoma nikitoka zamu, kabla ya kulala, na jioni kidogo kabla ya kurudi kazini. Kadi niliziandika kwa mkono. Mama Nuru, ambaye kazi yake ni ya uhasibu na damu akiiona anageuka, ndiye aliyekuwa ananiuliza. Anashika kadi, anasoma herufi moja moja bila kujua zinamaanisha nini, nami najibu.

"Baba Nuru, mbona haya yote ni majina ya watu?" aliniuliza siku moja.

Nikamweleza. Kell ni bibi Kelleher, ambaye kingamwili yake ilitambuliwa mwaka 1946. Duffy ni mgonjwa wa kutokwa damu wa mwaka 1950, na alama ya Fy ni herufi mbili za mwisho za jina lake. Kidd ni mama mmoja wa mwaka 1951, na Jk zimetoka kwa mwanawe mchanga, John Kidd, kwa sababu K ilikuwa imeshachukuliwa. Bombay ni mji, kwa ajili ya watu waliopimwa kule mwaka 1952 wakaonekana kama kundi O, kumbe damu ya O nayo inawadhuru. Mama Nuru alisikiliza, akaishika kadi nyingine.

"Na sisi je? Hakuna letu hata moja?"

Ilibidi nigeuze ukurasa kumwonyesha. Katika vitabu vya Marekani kila antijeni ina safu mbili za asilimia, moja ya Wazungu na moja ya Weusi. Nilikuwa nimezoea kuikariri ya kwanza na kuipitia ya pili haraka. Baada ya swali lake nilianza kuzisoma pamoja, na hapo ndipo sehemu kubwa ya mtihani ilifunguka.

Fy(a-b-), yaani seli isiyo na Duffy ya a wala ya b, karibu haipo kwa Wazungu. Kwa Weusi wa Marekani ni kama asilimia 68, na Afrika Magharibi inakaribia kila mtu. Malaria ya vivax hutumia protini ya Duffy kuingia kwenye seli nyekundu. Asiye na Duffy amemfungia mdudu mlango, angalau ule mkubwa. Lakini jambo zuri la kimtihani liko ndani zaidi. Kwa wengi wa watu hao jeni ya Fyb ni nzima, ila swichi yake imeharibika kwenye seli nyekundu peke yake. Sehemu nyingine za mwili Fyb ipo. Mwili unaifahamu, hivyo hautengenezi kingamwili dhidi yake. Mgonjwa wa selimundu wa aina hiyo akitengeneza kingamwili ya Fya, huhitaji kuhangaika kumtafutia damu isiyo na Fyb pia. Asiyejua sababu atazifuta chupa nyingi nzuri bure.

Na zile hesabu za kutafuta damu. Mgonjwa ana kingamwili za c na K, anahitaji chupa mbili. Upime chupa ngapi? Kwa wachangiaji Wazungu, wasio na c ni asilimia 20, wasio na K ni 91. Zidisha, unapata 0.182; gawa mbili kwa hiyo, unapata 11. Ukichukua safu ya pili, wasio na c ni asilimia 4 na wasio na K 98, na hapo unapaswa kupima zaidi ya 50. Sasa badilisha swali: anahitaji chupa mbili zisizo na Fya. Kwa Wazungu ni asilimia 34, upime sita. Kwa Weusi ni asilimia 90, tatu zinatosha na moja inakaribia kubaki. Swali halisemi wachangiaji ni nani isipokuwa kwa neno moja lililofichwa katikati ya sentensi, na watu wengi wanalipita.

Kuna pia U, antijeni ambayo kila mtu anayo isipokuwa Weusi wachache. Mgonjwa wa namna hiyo akija, chupa yake huenda iko kwenye friza kituo cha mbali, imegandishwa kwa gliseroli, ikingoja hadi miaka kumi. Nilimwambia Mama Nuru hiyo ni yetu. Akasema afadhali tungepewa nyingine.

Hesabu ya sindano ya Rh, ile inayomzuia mama asitengeneze kingamwili dhidi ya damu ya mtoto, ni ya lazima na haina huruma. Mama ni Rh hasi, mtoto ni chanya, damu ya mtoto imevuja kuingia kwa mama. Kipimo cha Kleihauer-Betke kinasema asilimia 1.5 ya seli ni za mtoto. Damu ya mama inakadiriwa mililita 5,000, kwa hiyo ni mililita 75. Chupa moja ya mikrogramu 300 inazuia mililita 30 za damu nzima. 75 kwa 30 ni 2.5. Nusu inapanda, zinakuwa 3, kisha unaongeza moja: chupa 4. Ingekuwa asilimia 1.4 ungepata 2.33, inashuka hadi 2, ongeza moja, 3. Ile moja ya kuongeza ipo kwa sababu kuhesabu seli kwa darubini kunategemea jicho la mtu, na jicho la mtu saa kumi alfajiri silo la kuliamini sana. Majibu ya mtihani huwa na 2, 3 na 4 yote yamepangwa. Wanajua mtu atasimama wapi.

Njia hii ya kuuliza kwa nini ilinikwamia mahali pamoja tu, kwenye sheria. Kifo kinachohusishwa na kuongezewa damu kinaarifiwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mara moja, na taarifa ya maandishi inafika ndani ya siku 7. Kwa nini 7? Kwa sababu imeandikwa. Mchangiaji mwanamke awe na hemoglobini gramu 12.5 kwa desilita, mwanamume 13.0. Kati ya kuchangia na kuchangia tena ni siku 56. Hapo nilipiga msuli wa kizamani, wa kurudia hadi mdomo unajiendea. Kanuni moja tu ilikaa bila jasho kwa sababu inanihusu: aliyeishi miaka mitano au zaidi kwenye nchi ya malaria anangoja miaka 3 tangu aondoke ndipo achangie damu. Nilipofika huku nilikuwa nashughulikia damu kila usiku na yangu hawaitaki.

Chumba cha mtihani hakina la kusimulia sana. Unaacha saa na simu nje, unapewa kibao cha kuandikia, unakaa. Kitu cha kujiandaa nacho ni ule ugumu unaopanda. Katikati nilikuwa na hakika nimeanguka, kwa sababu kila swali lilikuwa paneli yenye kingamwili mbili au mgonjwa mwenye majibu yanayopingana kundi kwa kundi. Ukijua kompyuta inavyofanya kazi, ugumu huo ni dalili njema, ila mwili hauelewi. Nilichofanya ni kuandika kwenye kibao, kila mara, mgonjwa ni nani kabla ya kusoma majibu: umri, ujauzito, damu ya lini, dawa gani. Mara nyingi jibu lilikuwa humo. Ukimaliza, matokeo ya awali yanatokea hapohapo kwenye kioo, neno moja tu. Langu lilikuwa zuri.

Kwa mwenzangu wa maabara anayeitamani njia hii: hiyo miaka mitatu ya benchi usiitazame kama sharti la kwenye fomu. Kama benchi lako linapima makundi na kulinganisha damu peke yake, na paneli zote zinatumwa kwingine, omba matokeo yake yarudi na karatasi zake, uzisuluhishe mwenyewe kabla ya kusoma jibu. Kitabu hakiwezi kukupa hilo. Na kadi uzitunze. Mama Nuru alitaka kisanduku kile kitoke juu ya friji wiki ileile niliyofaulu, nami nikamweleza kwamba cheti hiki kinahuishwa kila baada ya miaka mitatu. Kisanduku bado kipo, ila sasa amekiwekea limao juu.